Kwaya Isiyosikilizana

Mwaka 2010 Eric Whitacre, mtungaji muziki wa Marekani, alitoa katika intaneti wimbo wake "Lux Aurumque" ulioimbwa na watu 185 wa nchi 12. Kila mmoja aliimba peke yake, akimtazama Whitacre katika video akiongoza kwa mikono. Kisha sauti zikaunganishwa. Kazi ni nzuri, wala sina nia ya kuishusha. Lakini yaitwa kwaya, na hapo nasita. Sauti zote zamfuata mmoja. Hakuna hata moja iliyopata kumsikia jirani yake ikapungua kwa ajili yake.

Umbali, ni kweli, hauna huruma. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukata kilomita 200 hivi kwa milisekunde moja, na sauti ikikawia zaidi ya milisekunde 25 au 30 baina ya wapigaji, mwendo wao huanza kulegea. JackTrip, programu iliyotoka Chuo Kikuu cha Stanford, hupigana na ukawio huo. Ninjam ya mwaka 2005 huurefusha makusudi: kila mpigaji huwasikia wenzake katika duru iliyokwisha pita. Hakuna wawili wasikiao kitu kimoja. Hata hivyo naiona iko karibu zaidi na kiongozi na waitikiaji wake, maana mtu hujibu alichosikia, naye hujibiwa.

Neno "mubashara", tulilolizoea katika matangazo, hupima saa tu. Kwa Ninjam na JackTrip ningechagua "muziki wa kuitikiana". Kazi ya Whitacre iitwe "wimbo wa kuunganishwa".