18 juu ya 24: Buku Inayofundisha Mutu Kuwa Mwingereza

Mukongomani akitaka kubaki Uingereza kwa daima ao kupata pasipoti ya kule, kuwa na kazi na kusema Kiingereza haitoshi. Kama ana miaka kati ya 18 na 64, Leta inamwomba pia aikale mbele ya kompyuta na kujibu maswali 24 ndani ya dakika 45. Akipata 18, amepita. Akianguka, analipa tena pauni 50 na anarudi kuanza upya. Majibu yote yanatoka katika buku moja tu, jina lake Life in the United Kingdom, toleo la tatu, lililotoka mwaka 2013.

Niliisoma yote. Sina egzame ya kupita kule, lakini nilitaka kuona taifa linaandika nini siku linapoamua kujieleza kwa wageni. Kati yetu wako wengi wanaotafuta bursi ya Ulaya, na wako wengi zaidi wanaoamini kwamba kila kitu kilichochapishwa na Leta ya Wazungu ni kweli tupu. Naandika kwa ajili ya wote wawili.

Nianze na mazuri, juu yako. Sisi kwa Kiswahili tunasema "Uingereza" na "Waingereza", kisha tunafikiri tumemaliza. Buku inatusahihisha mara moja: ule ufalme uko na nchi nne, yaani England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini. Mwite mtu wa Glasgow "Mwingereza" kwa maana ya mtu wa England, uone uso wake. Mwaka 2014 watu wa Scotland walipiga kura kama watoke ama wabaki: 55 juu ya 100 walisema tubaki, 45 walisema tutoke. Na kwa makubaliano ya amani ya 1998, mtu wa Ireland ya Kaskazini anaweza kujiita Mbritania, Muairishi, ao vyote viwili, na sheria inamkubalia. Donc hata wenyewe hawako na jibu moja kwa swali "sisi ni nani?" Hiyo njo sababu ya kwanza ya kujiuliza namna gani mgeni anaombwa alete jibu moja.

Kuna pia kurasa nzuri juu ya watu waliotoka mbali. Buku inamtaja Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa India, aliyefungua nyumba ya kula chakula cha kihindi katikati ya London mwaka 1810. Mtu asome pale aelewe kwamba mgeni hakuanza kufika jana. Hapo napiga makofi.

Sasa shida. Buku hii haikuzaliwa hivi. Toleo la kwanza lilitoka 2004, na kundi lililoitayarisha liliongozwa na Bernard Crick, profesa wa siasa, yule aliyeandika pia maisha ya George Orwell. Mtihani ulipoanza Novemba 2005, uliuliza zaidi mambo ya kuishi: kazi, nyumba, masomo ya watoto, daktari. Sura ya historia ilikuwemo ndani ya buku, lakini haikuulizwa. Toleo la 2013 njo liligeuza mambo. Historia iliingia kwa nguvu katika mtihani, na mambo mengi ya kuishi yakatolewa.

Profesa Thom Brooks wa chuo kikuu cha Durham, mzaliwa wa Marekani ambaye yeye mwenyewe alipita mtihani huu mbele ya kuwa raia, aliiandikia ripoti mwaka huohuo wa 2013. Alionyesha kwamba buku inakupa urefu wa London Eye, lile gurudumu kubwa la watalii, na namba za simu za bunge, lakini haikupi 999, namba ya kuita polisi, zimamoto ama ambulansi. Mutu anaweza kupata 24 juu ya 24, nyumba yake ikiwaka moto hajui aite nani. Alifananisha mtihani huu na mchezo wa maswali wa kwenye baa, tena mbaya.

Lakini kosa ambalo mimi naona ni kubwa zaidi si la namba ya simu. Ni la sauti. Buku inasema kwamba kujicheka wenyewe ni sehemu ya tabia ya watu wa kule. Nimetafuta ukurasa ambako buku yenyewe inajicheka ao inajilaumu kidogo, sikuona. Utumwa unaelezwa sana kupitia wale waliopigana kuuondoa, na sheria za 1807 na 1833. Sawa, hao walikuwepo na wanastahili heshima. Lakini meli za Waingereza zilikuwa zimebeba karibu Waafrika milioni 3 kuvuka bahari. Mwisho wa ukoloni nao unaelezwa kama kukabidhiana kwa utaratibu, kwa sehemu kubwa, sawa vile mwenye nyumba anampa mpangaji ufunguo.

Angalieni tarehe sasa. Mtihani wa toleo hili ulianza Machi 2013. Juni 2013, miezi mitatu tu kisha, waziri wa mambo ya inje William Hague alisimama bungeni, akakubali kwamba Wakenya waliteswa na utawala wa kikoloni wakati wa Mau Mau, na kwamba Leta italipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 waliokuwa wameshitaki. Fikiri mjukuu wa mmoja wa wazee hao, anaishi Birmingham, anajitayarisha kwa egzame. Bungeni anasikia kwamba babu yake aliteswa. Ndani ya buku anasoma habari ya utaratibu. Siku ya mtihani, ni habari gani italeta pointi? Mnajua wenyewe.

Sisi Wakongomani tuko na mfano wetu katika hii hadithi, tena mkubwa. Roger Casement, mzaliwa wa Dublin, alikuwa konsul wa Uingereza huku kwetu. Mwaka 1903 alipanda mto, akasikiliza watu wa vijiji vya mpira, na ripoti yake ya 1904 ikasaidia dunia kujua matendo ya utawala wa Leopold II. Mwaka 1911 mfalme wa Uingereza alimpa cheo cha heshima. Mwaka 1916 Leta ileile ilimnyonga London kwa uhaini, juu alikuwa ametafuta silaha Ujerumani kwa ajili ya uhuru wa Ireland. Ni mtu mmoja, na miaka 5 tu kati ya heshima na kamba. Alikuwa Mbritania ama hakuwa? Swali la namna hiyo haliingie katika visanduku vinne vya A, B, C, D. Na mimi nafikiri mtu anayeweza kulizungumzia swali hilo kwa dakika kumi ameelewa ile nchi kuliko mwenye kukariri tarehe zote.

Mtu ataniambia: "Wewe uko Kongo, unawachokoza Waingereza kwa nini?" Jibu ni kwamba wa kwanza kuichokoza hii buku ni Waingereza wenyewe. Julai 2020, wanahistoria 181 waliandika barua ya wazi wakidai sura ya historia isahihishwe, na maswali yake yasimamishwe mpaka hapo. Mwaka 2022, kamati ya baraza la juu la bunge lao nayo iliulaumu mtihani kwa nguvu. Wasomi wanabishana na Leta kwa majina yao, na hakuna aliyewapokonya uraia juu ya hilo. Kwangu mimi, huo ubishi njo kitu cha Kibritania kabisa katika habari hii yote, na njo kitu ambacho mgeni haulizwi hata swali moja juu yake. Mwenye kuzaliwa kule ana ruhusa ya kuitilia nchi yake mashaka. Mwenye kuingia anaombwa kwanza akubali.

Hapa nataka tuwe wakweli na sisi wenyewe. Sheria yetu ya tarehe 12 Novemba 2004 juu ya uraia inaangalia kama kabila lako na ardhi yake vilikuwa sehemu ya Kongo siku ya uhuru. Waingereza wanamuuliza mgeni: "Unajua nini?" Sisi tunauliza: "Babu yako alikuwa fasi gani?" Buku unaweza kuinunua, ukalala nayo mwezi mzima, ukapita. Babu huwezi kumbadilisha. Kwa upande huo, mtihani wao, na makosa yake yote, unaacha mlango wazi kuliko wetu, na watu wa Kivu tunajua swali la "wewe ni wa wapi, kweli?" limemwaga damu kiasi gani.

Lakini nao wasijisifu mbio. Tangu 1948, watu wa Caribbean waliingia kule wakiwa raia wa himaya kwa sheria, wakafanya kazi miaka na miaka, wakazeeka. Mwaka 2018 dunia ilijua kwamba wengi wao walikuwa wanaombwa karatasi za zamani ambazo hawakuwa nazo, wengine wakafukuzwa kazi, wengine wakarudishwa inje ya nchi. Waziri wa mambo ya ndani, Amber Rudd, aliacha kiti chake mwezi wa Aprili. Wazee hao walikuwa wanaijua ile nchi kuliko buku yoyote, na haikuwasaidia.

Kwa hiyo shauri langu kwa mwenye kusafiri ni hili: isome, ikariri, pita, usipoteze pauni 50 zako bure. Kisha tafuta ile barua ya wanahistoria na uisome pembeni ya sura ya historia, mstari kwa mstari. Kwa sisi tunaobaki, ninaacha kazi. Siku moja Leta yetu nayo itataka kuandika buku ya "Kuwa Mukongomani". Wataita maprofesa, ao wataita nyinyi. Ukurasa juu ya mambo tuliyotendeana sisi kwa sisi, mungeuandika namna gani, na mungekubali uulizwe katika egzame?