Neno "Timber" na Mbao Zetu

Hapa Ngaramtoni tukimwuliza mtoto wa shule maana ya neno la Kiingereza timber, hujibu upesi, "Mti." Wakubwa nao hujibu vivyo hivyo. Jibu hili lina kasoro, tena lina hasara, nasi tumeiona hasara yake.

Mwaka mmoja wazee wa mtaa walitaka kuezeka nyumba ya mwalimu. Fundi aliandika kwa Kiingereza kwamba yatakiwa timber. Sisi tukaligeuza neno lake, tukaagiza "miti ya paa." Mwuzaji akaleta fito na nguzo mbichi. Hakutudanganya, alileta tulichoandika. Mvua za masika zikaikuta nyumba haina paa, kwa kosa la kalamu yetu.

Basi tulipime neno lenyewe. Katika Kiingereza cha kale timber ilikuwa nyumba au jengo. Baadaye ikawa vifaa vya kujengea, kisha miti ifaayo kwa kazi hiyo. Ndugu yake katika Kijerumani ni Zimmer, yaani chumba; na Zimmermann ni seremala ajengaye nyumba. Neno hili, basi, lilianza nyumbani, ndipo likaingia msituni.

Kiswahili chafuata njia yake. Ukisimama ni mti. Ukiangushwa ni gogo. Ukipasuliwa kwa msumeno ni ubao, na zikiwa nyingi ni mbao. Ukienda jikoni ni ukuni. Ukibeba dari ni boriti. Boriti za mikoko ya Rufiji na Lamu zilisafirishwa kwa majahazi hata Arabuni. Na katika nyumba za mawe za pwani, upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Hapo watu wa pwani wakutana na Wazungu wale wa kale: mti na chumba vyapimwa pamoja.

Wako wasemao kwamba Kiswahili ni maskini, kwa kuwa hakina neno moja la kulingana na timber. Hatukubali. Mwenye maneno matano kwa kazi tano si maskini. Maskini ni yeye alitumiaye moja kwa zote.

Basi, walimu wenzetu, mtoto asipewe jibu kabla hajaulizwa: Mti huo wafanya kazi gani? Nawe msomaji, ukiagiza mbao, andika mbao, na vipimo vyake: 2 kwa 4, futi 12. Hapo nyumba yako haitanyeshewa kwa ajili ya neno.