Baada ya Freud: Kongowea Anatafuta Nini Kitale?

Insha nyingi za uhakiki wa kisaikolojia huanzia kwa Sigmund Freud na kuishia kwake. Mhusika akimchukia babaye, huambiwa ana tatizo la Oedipus. Akinyamaza, huambiwa amekandamiza matamanio. Jibu linalomfaa kila mhusika halimwelezi hata mmoja.

Hebu tuwatazame waliomfuata Freud kisha wakahitilafiana naye. Alfred Adler, aliyeachana naye mwaka 1911, alishikilia kuwa hisia ya uduni ndiyo humsukuma binadamu kutafuta ubora. Karen Horney, katika kitabu chake cha 1945, alieleza kuwa mtu aliyekosa usalama wa kinafsi huelekea njia tatu: kuwanyenyekea watu, kuwapinga au kuwaepuka. Erik Erikson naye, mwaka 1950, aliyagawa maisha katika hatua nane. Swali kuu la kijana ni hili: mimi ni nani? Wote hawa waliipa jamii na malezi uzito zaidi kuliko alivyofanya Freud.

Tuchukue Siku Njema ya Ken Walibora, riwaya ya 1996 ambayo iliwahi kuwa kitabu teule. Kongowea Mswahili, mwana wa Zainabu Makame, amezaliwa nje ya ndoa na anakua bila baba. Ukimtafutia uhasama wa Oedipus utakwama, kwani hashindani na baba, anamkosa. Adler anatusaidia kueleza bidii yake masomoni: aliyedharauliwa anataka kuonekana. Hata hivyo, lau angetaka ubora tu, angeweza kuutafuta palepale Tanga. Mbona afunge safari ndefu hadi Kitale? Hapo Erikson ndiye mwenye jibu: bila kumjua babaye, utambulisho wa kijana huyu una pengo ambalo sifa za shuleni haziwezi kuliziba. Erikson mwenyewe hakumjua baba yake mzazi. Alilelewa na baba wa kambo, akajitwalia jina la Erikson mwaka 1939.

Kwetu Kakamega hoja hii si ngeni. Mtoto huulizwa ni wa ukoo gani, na ukoo hufuata upande wa baba. Mwalimu, kumbuka kwamba darasani mwako huenda wamo kina Kongowea. Usikubali wanafunzi waandike “mwanaharamu” kana kwamba ni sifa ya mhusika. Hilo ni neno la jamii inayomhukumu, na lihakikiwe hivyo.

Sasa mtazame Maimuna katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980). Wapo wasemao kuwa anatoroka kwa kuwa matamanio yaliyofungiwa yamelipuka. Horney angeuliza swali jingine: je, katika nyumba ya Maksuudi, msichana huyu aliwahi kujihisi salama? Ametawishwa, kisha anashuhudia mamaye Tamima akipigwa na kutalikiwa usiku wa uchungu wa uzazi. Utiifu wa awali unageuka upinzani. Kwa usomaji huu lawama inahama kutoka mwilini mwa binti hadi nyumbani mwa baba, na maudhui ya riwaya yanaonekana bayana.

Lakini nadharia ina mipaka yake. Dhuluma ya Maksuudi dhidi ya Mwanasururu ni suala la mali na mamlaka pia. Ukiieleza kwa nafsi peke yake, utakuwa umemtetea dhalimu bila kujua.

Mtahiniwa, unapojibu swali la aina hii, fanya mambo matatu. Taja dhana moja, si jina la mwananadharia tu. Ithibitishe kwa tukio mahususi la kitabuni. Kisha onyesha jambo ambalo dhana hiyo haiwezi kulieleza. Jiulize: nikiiondoa nadharia hii, nitapoteza nini katika kumwelewa mhusika? Kama hutapoteza kitu, iache. Matini yenyewe yanatosha.