Kulea Akili ya Kubuni katika Insha za Shule

Walimu wengi hulalamika kwamba watoto wa siku hizi hawajui kuandika insha. Waambiwapo waandike juu ya mvua, huandika ya kuwa mvua huotesha mimea, nayo ikizidi huleta mafuriko. Na madaftari arobaini yakisomwa, ni kama daftari moja lililosomwa mara arobaini. Sababu itolewayo ni kwamba watoto hao hawakujaliwa akili ya kubuni. Sisi hatukubali. Mtoto yule yule aliyeandika hayo, msikilize jioni akiwatolea wadogo zake ngano: sungura wake ana hila, fisi wake ana njaa ya kweli, na wadogo zake hawapepesi macho. Basi akili anayo. Lililobaki ni kuuliza inapotelea wapi kati ya jikoni kwa bibi yake na dawati la shule.

Tumepata kuona daftari la mtoto mmoja, shule hatutaitaja, aliyeandika ya kuwa kisima cha kwao kina midomo miwili: mmoja hunywesha watu mchana, na wa pili hufunguka usiku. Pembeni mwalimu ameandika kwa wino mwekundu, "Si kweli." Insha iliyofuata ilikuwa juu ya faida za ng'ombe. Haina kosa hata moja, wala haina uhai.

Twaijua hoja ya mwalimu yule, nayo si ya kudharauliwa, hasa kwetu sisi tuliopewa kazi ya kuwafunza watoto kusema kweli. Lakini mwongo na mtunga hadithi hawafanani. Mwongo hutaka asadikiwe, naye huficha ya kuwa amebuni. Mtoa ngano huanza kwa kutangaza: husema "Paukwa," naye hangoji kitu ila aitikiwe "Pakawa." Kwa itikio hilo wasikilizaji wamefanya mapatano naye, wamekubali kuingia nchi ambayo paa husema na mawe hutembea, wala hapana aliyedanganywa. Wazee waliotuwekea desturi hiyo walikuwa wameipambanua hadithi na uongo zamani sana.

Wala katika nchi hiyo mtu hasemi lo lote litakalomjia kinywani. Hapa ndipo penye neno letu kubwa, na tuna mfano mzuri wa kulionyesha. Katika hadithi zilizokusanywa Unguja na Edward Steere, zikapigwa chapa London mwaka 1870, iko moja ya Mwalimu Goso, aliyefundisha watoto kusoma chini ya mbuyu. Paa alipanda mtini kuiba mabuyu, buyu likaanguka, likampiga mwalimu kichwani, akafa. Wanafunzi wakatoka kumtafuta aliyeliangusha. Wakaishika kusi, kusi ikajitetea: kama mimi ni mkuu, mbona huzuiliwa na kiambaza? Wakaenda kwa kiambaza. Kiambaza hutobolewa na panya. Panya huliwa na paka, paka hufungwa kwa kamba, kamba hukatwa na kisu, kisu huunguzwa na moto, moto huzimwa na maji, maji hunywewa na ng'ombe. Kisha wakafika kwa mdudu amsumbuaye ng'ombe, na mwisho kwa paa mwenyewe.

Mwenye kuitazama hadithi hii kwa haraka huiona mchezo wa watoto wadogo, wa kuzoeza kumbukumbu. Na itazamwe tena. Jambo la ajabu ni moja tu, kwamba vitu vyasema. Hilo likiisha kukubaliwa, yote mengine ni kweli tupu: panya hutoboa kiambaza cha udongo, na kila mwenye nyumba ya udongo anajua, maji huzima moto, na ng'ombe hunywa maji. Aliyeitunga alikuwa na macho. Tena alikuwa na kanuni, naye hakuivunja hata mara moja: kila mshitakiwa hujitetea kwa kumtaja amshindaye. Na kwa kuwa kanuni imeshikwa hivyo, paa alipofikiwa akakosa la kujibu, kunyamaza kwake kumekuwa ushahidi. Wangapi katika waandishi wetu wa vitabu wangaliweza kukifanya kimya kiseme hivyo? Wengi wangalimpa paa maungamo ya kurasa mbili.

Kubuni, basi, ni kutwaa vitu vilivyoonwa na kuvitia chini ya sharti jipya, kisha kulitii sharti hilo hata mwisho. Kitendawili ni mafunzo yale yale kwa kipimo kidogo: anayeliita yai nyumba isiyo mlango amelitazama yai vizuri kwanza.

Na mwandishi mkubwa hafanyi kazi nyingine. Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1952, husifiwa kama kwamba chote kilizuka kichwani mwake. Aliyesoma Alfu Lela Ulela atakumbuka kisa cha liwali wa Basra aliyewapiga mbwa wawili kila usiku kwa amri ya jini, nao mbwa ni ndugu zake waliomsaliti. Adili naye ni liwali, naye huwapiga ndugu zake kila usiku kwa amri ya jini. Wako wasomaji ambao, wakiisha kuliona hilo, humpunguzia Shaaban heshima. Sisi twamwongezea. Kwa maana mbwa wamekuwa manyani, na badiliko hilo si dogo. Kumpiga mbwa ni jambo la kila siku. Nyani ana mikono na uso, naye hutazama kama atazamavyo mtu. Msomaji hawezi kuuona mjeledi ukishuka juu ya nyani asiwe na shaka ya kuwa yumo mtu ndani. Mwandishi amepokea mti uliokwisha kukua, akakata tawi, akalipanda katika udongo wake.

Kusadikika, kitabu chake cha mwaka uliotangulia, twakistahi zaidi kwa uhodari kuliko kwa uhai. Nchi inayoning'inia hewani, na mshitakiwa Karama ajiteteaye kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini: hayo ni mabuni makubwa, na hoja ya haki iliyomo ndani yake ni nzito. Lakini watu wake wametajwa kwa sifa zao kuliko kwa sura zao. Waziri anaitwa Majivuno, na tukiisha kulisikia jina tumekwisha kumjua. Hatungoji tena kumwona akitenda. Kiambaza cha Goso chenye tundu la panya twakiona dhahiri kuliko baraza zima la Kusadikika. Twasema haya kwa adabu, maana walimu wengi huwapa wanafunzi kitabu hiki kama kielelezo, na wanafunzi huiga kilicho chepesi kuigwa, yaani majina; ndipo tunapopata insha zilizojaa akina Bwana Wivu na Bibi Subira, wasiokula wala wasiokanyaga chini.

Basi mwalimu atende nini? Kwanza asiombe insha ya ajabu kabla hajaomba insha ya macho. Mtoto aandike jinsi mama yake achotavyo maji: kamba ni ya nini, ndoo yalia vipi ikigonga ukuta wa kisima, mikono yake ina alama gani. Kisha, siku nyingine, apewe sharti moja lisilo la kawaida, na moja tu, kwa kisima kile kile. Mwalimu akisahihisha asiulize kama ni kweli. Aulize kama sharti limeshikwa. Yule mtoto wa kisima cha midomo miwili angeulizwa, "Mdomo wa pili ukifunguka, mama yako husikia nini kitandani?", angalirudi kisimani kutazama, na huko ndiko tunakotaka aende. Makosa ya ngeli yataonyeshwa pia, lakini yaonyeshwe baadaye, wala yasiwe ndiyo neno la kwanza mtoto asomalo juu ya kazi yake.

Zoezi jingine ni la Goso mwenyewe. Darasa lisomewe hadithi mpaka wanafunzi wamfikie paa, kisha kitabu kifungwe, na kila mmoja aandike utetezi wa paa kwa kanuni ile ile, yaani amtaje amshindaye. Wengine watataja mwindaji, wengine njaa. Na akitokea mmoja akarudisha karatasi tupu, akasema kwamba paa hana la kusema, mwalimu asifanye haraka kumwita mvivu. Amwulize kwanza sababu yake.