Mafunzo ya Mwenye Pampu

Ili daktari bingwa abadilishe valvu iliyochakaa, au azibe tundu ambalo mtoto amezaliwa nalo kati ya vyumba vya moyo, kwa kawaida moyo hauna budi kusimama na kubaki mtupu. Mwili nao hausubiri. Ubongo ukikosa damu kwa dakika nne au tano katika joto la kawaida, huanza kuharibika. Anayebeba maisha katika muda huo ni pafyushonisti, mtu ambaye wagonjwa wengi hawamfahamu hata kwa sura. Hukaa hatua chache kutoka kwenye meza ya upasuaji, mbele ya mashine yenye pampu zinazozunguka na mirija inayoonyesha kilichomo, na kwa saa mbili, tatu au zaidi yeye ndiye anayesukuma damu ya mgonjwa, anayeitia oksijeni, anayeipoza na kuipasha joto.

Siku mambo yanapokwenda vizuri, mgeni aliyeingia chumba cha upasuaji anaweza kudhani mtu huyu hana kazi. Macho yake hutoka kwenye tangi la damu, huenda kwenye kipimo cha shinikizo, hutazama mikono ya daktari, hurudi kwenye tangi. Mkono hugusa kitufe, hukizungusha kidogo sana, hutulia. Utulivu huo umefundishwa. Umechukua miaka, na namna unavyojengwa ndani ya mwanafunzi ndiyo ninayoistaajabia kuliko mashine yenyewe.

Mafunzo ya vitendo huanza bila damu. Mwanafunzi hupewa mirija mikavu aiunge. Damu iliyokwisha oksijeni hutoka kwenye vena kubwa karibu na moyo na kushuka kwa uzito wake hadi kwenye tangi. Pampu huisukuma ipite kwenye oksijeneta, ambamo gesi hupita ndani ya nyuzi nyembamba zenye uwazi katikati na damu ikapita nje yake. Hapo hapo hupozwa au kupashwa, kisha hupita kwenye kichujio na kurudi mwilini kupitia aota. Kuieleza njia hiyo ni rahisi. Kuunga kila kiungo mahali pake na kwa mwelekeo wake, bila kuchafua ncha hata moja, tena usiku wa manane wakati mgonjwa wa dharura yuko njiani, ni kazi ya mtu aliyezoeshwa. Ndiyo maana mwalimu mzuri humtaka mwanafunzi aifuate njia ya damu kwa kidole, kiungo baada ya kiungo, akitaja kwa sauti inatoka wapi na inakwenda wapi, hata kama amekwisha kuiunga mara nyingi. Mrija uliogeuzwa hunyonya pale ulipopaswa kusukuma.

Kisha huja kazi ya kuweka roli. Pampu iliyozoeleka ina roli mbili zinazozunguka na kuubana mrija, zikiipeleka damu mbele kama mashine ya juisi ya miwa inavyoupeleka mua. Ila muuza juisi anataka mua upondeke. Hapa roli zikibana mno, chembe nyekundu za damu hupasuka. Zikilegea mno, sehemu ya damu hurudi nyuma, na kiasi kinachosomeka kwenye kioo cha mashine sicho kinachomfikia mgonjwa. Kipimo chake ni cha zamani na ni kizuri. Maji husimamishwa kwenye mrija ulioinuliwa wima, na roli hukazwa mpaka maji yale yashuke polepole, sentimita chache tu kwa dakika. Mwanafunzi hukaza, hutazama, hulegeza kidogo, hutazama tena. Hospitali nyingi siku hizi hutumia pia pampu za sentrifugo zisizobana mrija, lakini subira iliyofundishwa na maji yale yanayoshuka huhitajika kwenye kila pampu.

Baada ya hapo ni vita na hewa. Mirija hujazwa maji yenye chumvi na dawa, kwa mtu mzima kama lita moja hadi moja na nusu, na kila kiputo hufukuzwa. Mafundi wengi hutanguliza gesi ya kaboni dayoksaidi ndani ya mirija mikavu, kwa sababu huyeyuka majini upesi kuliko hewa ya kawaida. Viputo vinavyobaki hugongwagongwa ili vipande juu na kutoka. Kazi hii haina sifa yoyote mbele ya watu, na pengine ndiyo inayomtambulisha fundi. Kiputo kilichoachwa kinaweza kuishia ubongoni.

Hesabu za fani hii mtu aliyesoma sekondari anaziweza. Kinachotisha ni kasi yake. Kiasi cha kusukuma hukadiriwa kwa eneo la mwili, takriban lita 2.4 kwa dakika kwa kila mita ya mraba. Mtu mzima mwenye mita za mraba 1.8 huhitaji kama lita 4.3 kwa dakika. Sasa chukua tangi lenye mililita 600, na damu inayotoka kwa mgonjwa imekatika ghafla kwa sababu daktari ameinua moyo na kanula, yaani mrija ulioingizwa kwenye vena, imejipinda. Pampu inameza zaidi ya mililita 70 kila sekunde. Tangi litakauka ndani ya sekunde nane hivi, na kinachofuata damu ni hewa. Mashine za kisasa zina kengele ya kiwango cha tangi na kitambuzi cha viputo kinachoweza kuisimamisha pampu. Hata hivyo mwanafunzi hufundishwa kana kwamba vyote viwili havipo. Jicho lake lisikae mbali na tangi. Kiwango kikianza kushuka, mkono upunguze kasi kwanza, na mdomo useme papo hapo: "Damu hairudi, daktari, naomba uangalie kanula."

Sauti hiyo nayo husomewa. Daktari anaposema, "Punguza," jibu ni, "Napunguza," na kiwango kinapofikiwa, "Imepungua." Ndipo kibano kinapowekwa kwenye aota. Anapouliza kama heparini imeingia, hatosheki na kutikisa kichwa. Damu inayogusa plastiki hutaka kuganda, na heparini ndiyo inayoizuia. Nguvu yake hupimwa kwa muda ambao tone la damu huchukua kuganda kwenye kifaa maalumu. Bila dawa, muda huo huwa sekunde mia na kitu. Hospitali nyingi hazianzishi pampu mpaka uvuke sekunde 480. Hata aliyeajiriwa jana ana haki na wajibu wa kumwambia profesa kwamba bado. Katika jamii zetu, ambako mdogo hufunzwa kunyamaza mbele ya mkubwa, nadhani hili ndilo somo gumu kuliko yote, na walimu wanaolifundisha kwa upole, bila kumvunjia mtu heshima, wanastahili shukrani.

Mwanzoni hapakuwa na shule ya kazi hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, daktari kijana John Gibbon alikesha huko Boston na mgonjwa aliyezibwa mshipa wa mapafu kwa damu iliyoganda, akajiuliza kwa nini damu isitolewe nje, itiwe oksijeni na kurudishwa. Alimwoa Mary Hopkinson, fundi wa maabara aliyeitwa Maly, na wawili hao wakafanya majaribio kwa paka kwa miaka mingi. Mwaka 1935 walifaulu kumweka paka hai kwa mashine, kisha moyo wake ukaendelea wenyewe. Vitabu vingi humtaja mume. Lakini aliyeandaa mashine, akaunga mirija, akatazama vipimo na kusafisha kila kitu jioni, siku baada ya siku, alikuwa pia Maly, na kwa maoni yangu yeye ni mmoja wa watangulizi wa kweli wa fani hii.

Tarehe 6 Mei 1953, Philadelphia, mashine ya Gibbon ilibeba kazi ya moyo na mapafu ya binti wa miaka 18 kwa dakika 26 huku tundu la moyo wake likizibwa, naye akapona. Wagonjwa waliofuata hawakupona, na Gibbon akaiweka kando. Mwaka uliofuata, Walton Lillehei wa Chuo Kikuu cha Minnesota alipita njia nyingine: alimlaza mzazi kando ya mtoto, damu ya mtoto ikapita kwa mzazi ipate oksijeni, kisha ikarudi. Aliwapasua wagonjwa 45 kwa njia hiyo, na 28 wakanusurika. Mwaka 1955 mashine ilirudi kwa nguvu, huko Mayo Clinic mikononi mwa John Kirklin, na Minnesota kwenyewe kwa oksijeneta ya viputo ya Richard DeWall. Walioendesha pampu za siku zile walikuwa mafundi wa maabara, manesi na madaktari vijana waliojifunza kwa kutazama.

Leo kuna mitaala, mitihani na bodi. Nchini Marekani mwanafunzi hutakiwa aendeshe pampu kwa wagonjwa wasiopungua 75 akiwa chini ya uangalizi kabla ya kumaliza. Afrika Kusini fani hii ni tawi la teknolojia ya tiba linalosomewa chuoni na hospitalini kwa pamoja. Hata hivyo kiini cha mafunzo hakijabadilika sana tangu enzi za kutazama. Katika chumba cha upasuaji, kwanza mwanafunzi huandika vipimo tu. Kisha huunga mashine, mwalimu akakagua. Kisha hushika pampu ya kunyonya damu iliyomwagika, halafu ile ya dawa ya kuusimamisha moyo. Siku anayokaa kwenye pampu kuu, mwalimu husimama nyuma yake, karibu kiasi cha kuufikia mkono wake, na kazi kubwa ya mwalimu ni kujizuia asiunyoshe mkono huo mapema.

Dawa ya kuusimamisha moyo ina potasiamu, mara nyingi hutolewa ikiwa baridi, na kwa mchanganyiko uliozoeleka hurudiwa kila baada ya dakika 20 hivi. Mwenye pampu ndiye anayetunza saa. Daktari aliyezama kwenye mshono hawezi kujua muda umekwenda kiasi gani. Atausikia kutoka nyuma yake. Mwili wenyewe unaweza kupozwa hadi nyuzi 28 au 32, na kwa upasuaji fulani wa aota hadi karibu nyuzi 18, ili viungo vidai oksijeni kidogo. Kuupasha ni kugumu zaidi kuliko kuupoza. Kila mtu amechoka, mshono umekwisha, na anayeagiza haraka ni daktari mkuu. Aliyefunzwa vizuri hupandisha joto taratibu, na hairuhusu damu inayokwenda kichwani ivuke nyuzi 37, kwa kuwa ubongo uliotoka kwenye baridi huumizwa na joto la kupita kiasi.

Kwa watoto wachanga kila kosa hukuzwa. Mtoto wa kilo tatu ana damu kama mililita 250 mwili mzima, chini ya chupa ndogo ya soda. Mirija ikiwa mirefu, maji ya kuijazia yatazidi damu yake mwenyewe. Kwa hiyo mashine husogezwa karibu na meza, mirija hukatwa mifupi na myembamba, na damu ya kuongezewa huandaliwa mapema. Ninaposikia mtu akisema fani hii ni ya kubonyeza vitufe, humkumbuka mtoto huyo wa kilo tatu.

Mwisho wa kazi una uzuri wake. Mrija wa vena hubanwa kidogo, moyo ukaanza kujaa, ukapewa mzigo wake polepole. "Lita tatu." Wote hutazama shinikizo. "Lita mbili." "Moja." Moyo ukisuasua, hurudishiwa msaada bila lawama na kupewa muda. Ukishika kasi, pampu husimama. Hufuata protamini, dawa ya kuondoa nguvu ya heparini, na hapo mwenye pampu huzima vinyonyaji vyake na kutangaza kwamba amevizima, ili damu inayoweza kuganda isiingie kwenye mashine. Hata hivyo haifungui mirija mpaka mgonjwa atulie. Moyo unaweza kumhitaji tena.

Kuna zoezi moja ambalo msomaji wa huku kwetu atalielewa bila maelezo marefu. Kila pampu huja na mkono wa chuma wa kuizungusha umeme ukikatika na betri ikiishiwa. Mwanafunzi hufanyishwa zoezi la kuuchomeka gizani na kuzungusha kwa mwelekeo wa mshale na kwa kasi sawa, dakika baada ya dakika, huku akitazama tangi. Akigeuza mwelekeo, ataivuta damu kutoka aota. Hurudia mpaka mkono uujue mwelekeo huo bila kuuliza.

Afrika Mashariki inawahitaji watu hawa kwa sababu tunayoijua vizuri. Mtoto huugua mafindofindo, hatibiwi sawasawa, homa ya baridi yabisi humshika, na miaka kadhaa baadaye, angali kijana, valvu zake zimeharibika. Upasuaji wa kufungua moyo unafanyika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyopo Muhimbili, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na Mater jijini Nairobi, Tenwek kule Bomet, na Taasisi ya Moyo ya Uganda, Mulago. Wengi wa wanaoendesha pampu hizo ilibidi wakasomee ng'ambo, au wajifunze bega kwa bega na timu za wageni.

Jengo linaweza kukamilika kwa miaka miwili na mashine ikafika kwa meli, lakini mwenye pampu hanunuliwi. Hospitali yoyote ya mkoa au kaunti inayopanga kufungua chumba cha upasuaji wa moyo imtafute kijana wake sasa, mwenye Fizikia, Kemia na Biolojia, mvumilivu, anayeweza kusema "bado" mbele ya wakubwa, na imlipie masomo kabla ya kuweka jiwe la msingi. Isimpeleke peke yake. Wapelekwe wawili angalau, kwa sababu mmoja huchoka na huugua kama mtu mwingine yeyote, na siku hiyo hakuna moyo utakaofunguliwa.