Kutoka "Umekatika" hadi "Mmekata": Insha ya Kero za Teknolojia katika Blogu za Kiswahili, Ikisomwa kutoka Sola

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umechelewa kuisoma blogu kama maandishi. Kwa sehemu kubwa umeisoma kama chombo: njia ya kupashana habari, uwanja wa siasa, mahali pa kutazamia mabadiliko ya lugha. Usomaji huo una sababu za kihistoria. Ndesanjo Macha alipoanzisha Jikomboe mwaka 2004, na Issa Michuzi alipoanza kubandika picha na habari katika blogu yake mwaka 2005, kitu hicho kipya kilikuwa bado hakijapata jina lililokubalika, na mojawapo ya majina yaliyotumiwa lilikuwa gazeti tando. Jina hilo halikudumu. Neno la mkopo blogu ndilo lililoshinda. Hata hivyo, dhana iliyobebwa na jina ilibaki. Kilichoitwa gazeti kikahakikiwa kama gazeti: habari zake ni za kweli? Ni za haraka? Zinamtetea nani? Maandishi yasiyokuwa habari yalikaa nje ya mizani hiyo, na miongoni mwayo hakuna yaliyopuuzwa zaidi ya insha fupi ya mtu anayelalamika kwamba simu imeganda, bando limeisha kabla ya siku zake, umeme umeondoka katikati ya sentensi na kila alichoandika kimepotea.

Insha hiyo, ambayo katika sehemu hii itaitwa insha ya kero, ina ukoo unaofahamika. Barua za wasomaji katika gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, ziliwazoesha watu wa kawaida kuandika mambo yao madogo mbele ya hadhira wasiyoijua. Kielezo cha Insha cha Shaaban Robert, kilichochapishwa mwaka 1954, kiliupa utanzu wa insha heshima ya kitabu. Ila Shaaban Robert aliandika insha akielekea kwenye jambo la jumla, yaani wema, kazi au adili, ambapo mwandishi wa insha ya kero haelekei huko. Anabaki na saa, tarehe na kiasi cha pesa kilichokatwa. Neno kero lenyewe linastahili kuangaliwa. Katika Kiswahili cha Tanzania, kero si udhia wa moyoni tu. Ni neno la mkutano wa hadhara: kiongozi huja kijijini "kusikiliza kero". Anayesema ana kero amekwisha kudai, kwa kuchagua neno hilo, kwamba yupo mtu mwenye wajibu wa kuiondoa. Dukuduku halina mdaiwa, kero inaye.

Mdaiwa huyo ni nani? Hapo ndipo kiini cha kifasihi cha insha hizi kilipo, nacho kinaonekana kwanza katika vitenzi. Lugha ambayo mitambo ya mawasiliano huitumia kuzungumza na mtumiaji haina mtenda. Mteja unayempigia hapatikani. Salio lako halitoshi. Huduma imesitishwa. Katika hapatikani, kiambishi cha kutendeka kimeungana na -an-, na matokeo yake ni hali isiyo na aliyeisababisha. Katika imesitishwa, kauli ya kutendwa imeachwa bila kutaja mtenda, kwa hiyo haijulikani imesitishwa na nani. Lugha ya mazungumzo nayo imeurithi mtindo huo: umeme umekatika, mtandao umekatika, kana kwamba ni kamba iliyochakaa. Sarufi hii si uongo. Hufaa pale ambapo msemaji hajui kilichotokea. Tatizo ni kwamba mtumiaji anaambiwa asijue siku zote, na anaambiwa kwa adabu. Sauti iliyorekodiwa huanza na samahani, lakini hakuna nafsi inayoomba radhi hiyo.

Insha ya kero hufanya kazi kinyume na sarufi hiyo. Kwa kawaida huanza ndani yake: mtandao ulikatika, ujumbe haukwenda. Kisha, baada ya sentensi chache za kusimulia jinsi mwandishi alivyojaribu tena, akazima na kuwasha, akatoa laini na kuifuta kwa ncha ya shati, kitenzi hubadilika. Umekatika huwa wamekata. Pale hasira inapofikia kilele, wamekata huwa mmekata, na msomaji hugundua kwamba anayesemeshwa si yeye tena. Mabadiliko hayo ya viambishi, kutoka u- hadi wa- na kutoka wa- hadi m-, ndiyo msuko wa insha. Hakuna tukio kubwa linalotokea. Mwandishi aliyeanza akiwa ameachwa na kitu kisicho na uso humaliza akiwa amekipa uso na kukikabili. Mhakiki anayetafuta mgogoro wa wahusika hatauona. Anayesoma vitenzi atauona katika kila aya.

Usomaji huu hupata uzito zaidi ukifanywa kutoka mahali kama Sola, mkoani Simiyu, kuliko kutoka Dar es Salaam. Simiyu ni mkoa ulioanzishwa mwaka 2012, makao makuu yake yakiwa Bariadi, na uchumi wake umeshikwa na pamba. Lugha ya nyumbani kwa walio wengi ni Kisukuma. Kiswahili ni lugha ya shule, ya ofisi na ya simu. Kwa hiyo sauti isiyo na mtenda inamfikia mtu wa Sola kama Kiswahili sanifu kabisa, kisicho na lafudhi ya jirani yeyote, na anayetaka kuijibu anapaswa kuijibu kwa lugha hiyohiyo. Juhudi za kuiswahilisha kompyuta, kama mradi wa Kilinux uliofanyiwa kazi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutoa programu ya ofisi iliyoitwa Jambo mwaka 2004, zilikusudia kuiweka mashine karibu na mtumiaji. Ni juhudi za kusifiwa. Lakini kutafsiri amri na majibu ya mashine ni jambo moja. Kumpa mtumiaji namna ya kuijibu mashine ni jingine, na hilo la pili halikufanywa na mradi wowote. Lilifanywa na watu walioandika kero zao.

Eneo hilo pia lina desturi ya majibizano isiyoweza kupuuzwa. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vimeshindana Usukumani kwa vizazi, na kigezo cha ushindi kinajulikana: kundi lililovuta watu wengi zaidi ndilo lililoshinda. Hadhira hupiga kura kwa miguu. Mulokozi, katika makala yake ya 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, alisisitiza kwamba utanzu hautambuliwi kwa umbo peke yake bali pia kwa muktadha wake, na hadhira ni sehemu ya muktadha huo. Maoni yanayoandikwa chini ya insha ya kero ni sehemu ya insha kwa maana hiyo. Mmoja huandika "hata huku", mwingine hutoa dawa ya kuzima na kuwasha, wa tatu humcheka mwandishi kwa kununua simu ya bei rahisi. Anayehakiki insha bila maoni yake ni sawa na aliyenakili maneno ya wimbo akawaacha wachezaji uwanjani. Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba blogu ni ngoma iliyohamia kwenye kioo. Wachezaji wa Bagalu wanaonana na wapinzani wao. Mwandishi wa kero hamwoni anayempinga, na upungufu huo ndio unaomlazimu aumbe mdaiwa kwa viambishi.

Wakati wahakiki wakiendelea kuiacha insha hii, msomaji mwingine aliisoma kwa makini. Kanuni za maudhui mtandaoni zilizotolewa Machi 2018 chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ziliieleza blogu kuwa tovuti yenye uzoefu, mambo yaliyoonwa na maoni ya mwandishi mwenyewe au kundi la waandishi, zikiweka humo pia habari, matukio, matangazo, picha na viungo. Mpangilio wa maelezo hayo unavutia. Uzoefu umetajwa kwanza, habari zimekuja baadaye. Kama fasili ya utanzu, ni bora kuliko gazeti tando. Mtunga kanuni alitambua kile ambacho idara za fasihi hazikukitambua: kwamba kitovu cha blogu ni mtu anayesimulia yaliyompata.

Baada ya kukitambua alikitoza. Ada ya maombi ilikuwa shilingi 100,000, ada ya leseni ya kuanzia shilingi 1,000,000, na ada ya kila mwaka shilingi 1,000,000. Kwa bei elekezi ya pamba ya msimu wa 2019, shilingi 1,200 kwa kilo, jumla hiyo ni sawa na kilo 1,750 za pamba mbegu. Gazeti lenye matangazo ya biashara lingeweza kulihesabu hilo kuwa gharama ya kazi. Mtu anayeandika kwamba ujumbe wake wa malipo haukufika hana biashara ya kuigharimia. Adhabu ya kukiuka ilianzia faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 12, au vyote viwili. Aidha, miongoni mwa maudhui yaliyokatazwa yalikuwamo yale yanayosababisha udhia. Kanuni ziliandikwa kwa Kiingereza, na neno lililotumiwa humo lingeweza bila taabu kutafsiriwa kero. Utanzu ambao kazi yake ni kuitaja kero ukakuta kero yenyewe imekuwa kosa. Kanuni hizo zilifutwa na za mwaka 2020, nazo zikarekebishwa 2022, lakini mwandishi mdogo aliyeacha kuandika mwaka 2018 hakupewa sababu kubwa ya kurejea: wasomaji wake walikuwa wamekwisha kuhamia kwingine.

Inaweza kupingwa kwamba hoja hii inazipandisha cheo insha ambazo nyingi ni mbovu. Ni kweli kwamba nyingi ni mbovu. Zinajirudia, zinaandikwa kwa haraka, na hutegemea herufi kubwa na alama za mshangao mahali ambapo neno sahihi lingetosha. Udhaifu mkubwa zaidi ni ule wa insha inayoruka moja kwa moja hadi mmekata bila kupitia umekatika. Matusi hayo hayana msuko, kwa sababu msomaji hakupitishwa katika kutojua. Insha nzuri huchelewa. Humwacha msomaji akiwa ameshika simu hewani juu ya kichuguu akitafuta mawimbi, na haimtaji mkosaji mpaka kila maelezo mengine yamekwisha. Kipimo hicho ni cha kifasihi, na kinatosha kuutenganisha utanzu na kelele.

Swali la mtenda linarudi pia kwa upande wa mwandishi. Philippe Lejeune alieleza mwaka 1975 kwamba tawasifu husimama juu ya mapatano: jina lililo juu ya kitabu ni la yule anayesimuliwa ndani yake. Waandishi wengi wa kero walitumia lakabu, kama washairi wa magazeti walivyofanya kabla yao, na mapatano yao na wasomaji yaliegemea mambo mengine: mahali, aina ya simu, kiasi cha vocha. Usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza Mei 2019 na ambao mwisho wake ulisogezwa hadi Januari 20, 2020, ulifunga kila laini na namba ya kitambulisho cha taifa. Kuanzia hapo mlalamikaji anajulikana kwa kidole chake. Mashine imeendelea kusema hapatikani.

Kero za Sola leo hupita zaidi katika makundi ya WhatsApp, na mara nyingi kwa sauti iliyorekodiwa, ambapo Kisukuma kinaweza kuingia bila kuomba ruhusa na ambapo umekatika na mmekata hutofautishwa pia kwa mkazo na pumzi. Mtafiti anayetaka kuzisoma anahitaji idhini ya kundi zima kabla ya kunukuu hata sentensi moja, na simu iliyozihifadhi ikijaa, mwenyewe huanza kufuta zilizo za zamani.