Aso Oke Isomwe Kwenye Mshono

Wengi wanaoisifu aso oke, nguo ya heshima ya Wayoruba wa Nigeria, huanza na rangi. Mimi naona uzuri wake unaanzia kwenye wembamba. Mfumaji wa Iseyin, jimbo la Oyo, hafumi kitambaa kipana. Anafuma utepe wa sentimita 10 hadi 15 hivi. Nyuzi za mtande zimenyooshwa mbele yake mita kadhaa, ncha zake zimefungwa kwenye kigari cha mbao kilicholemewa na mawe, nacho huburutika kumjia kadiri kazi inavyosonga. Utepe hukatwa vipande, vipande vikashonwa ubavu kwa ubavu, na hapo ndipo inapopatikana nguo.

Si kwamba upana uliwashinda Wayoruba. Wanawake wa Kiyoruba walikuwa na kitanda chao cha kufumia, cha kusimama wima, kilichotoa kitambaa kipana zaidi. Wembamba, basi, ni uamuzi wa kisanaa, na gharama yake ni mishono mingi.

Itazame etu. Ni nguo ya nili iliyokolea hadi kukaribia weusi, yenye mistari miembamba myeupe au ya buluu hafifu. Imepewa jina la kanga, yule ndege wa madoadoa. Mistari inafuata urefu wa utepe, na mshono nao vivyo hivyo. Jicho likivuka kutoka utepe hadi utepe, linashindwa kuamua upi ni mstari na upi ni mshono. Kilichopaswa kuwa kasoro kimeingizwa kwenye pambo, tena bila kelele. Kwangu hicho ndicho kilele cha ufumaji huu, kuliko hata alaari, aso oke nyekundu ambayo hariri yake ililetwa kwa misafara ya Sahara.

Sanyan, aina nyingine ya aso oke, ina ujasiri wa namna yake. Rangi yake ni ya kahawia hafifu, ya hariri ya nondo wa porini, na uzi uliosokotwa kwa mkono hauna unene mmoja. Uso wa nguo unabaki na mkwaruzo mdogo unaonasa mwanga huku na huku.

Nyuzi za kumetameta zilizoenea tangu miaka ya 1970 sizipendi sana. Harusini, ukoo mzima ukivaa sare ya aso ebi, mng'ao unatimiza kazi yake: kuonekana kwa mbali. Ukisogea karibu, mwanga umeumeza mstari na gele, kilemba cha wanawake, imebaki kung'aa tu.

Afadhali nguo hiyo ya kumetameta, lakini, kuliko kitambaa cha kiwandani kinachoiga tepe kwa mistari tu. Mnunuzi na apitishe kidole upande wa ndani. Asipougusa mshono, aulize kwanza kabla ya kulipa bei ya kazi ya mkono.